Dada Niliyemtoa Kambini

Mpendwa dada,

Shikamoo. Naanza na hiyo kwa sababu najua unaingoja, na kwa sababu ukiwa huko ng'ambo ya Ruvuma huwezi kuona uso ninaoukunja nikiiandika. Miaka yote uliyokaa nasi Kilangala nilikuamkia kila asubuhi, na kila asubuhi ulichelewa kidogo kuitikia, kama mtu anayeonja mchuzi, ndipo ukasema "marahaba" ndefu ya kufika hadi kwa jirani. Nani kati yetu alitangulia kuzaliwa, Mungu ndiye ajuaye. Mimi nina mawazo yangu.

Barua hii nimemruhusu kila mtu aisome. Mkubwa wa wilaya wa wakati ule amekwisha rudi kwao Ulaya, liwali amekwisha rudi kwa Mola wake, na kambi imebaki nguzo chache ambazo watu wanafungia mbuzi. Hakuna tena wa kuniuliza. Na watu wa hapa wamekwisha yasema nusu, tena ile nusu isiyo yangu, basi acha niseme yangu.

Nakumbuka mlivyoletwa. Ilikuwa wakati wa vita, mvua zilikuwa zimetunyima, na sisi tulikuwa mashambani tukiyatazama mahindi yaliyokuwa yakitutazama na sisi. Malori yakapita yamejaa watu wamesimama. Tuliambiwa ni watu waliovuka mto kuwakimbia Wareno. Hilo halikuwa jambo geni kwetu. Bibi yangu mzaa baba alivuka hivyo hivyo na chungu kichwani, akaonyeshwa pori, akapewa jembe, msimu uliofuata akawa mwenyeji na kuanza kuwasema wageni. Ndivyo ilivyokuwa siku zote. Lakini safari hii serikali ilikuwa na shauri lake, na shauri lenyewe lilikuja limeviringishwa ndani ya lori la mwisho: seng'enge.

Mkubwa wa wilaya aliita baraza akatueleza. Kwanza alisema mnafungiwa kwa sababu ya ndui, mpaka ionekane kuwa hamna. Ikaonekana hamna. Baraza la pili akasema ni kwa sababu ya vita, huenda kati yenu mna wapelelezi. Tukawatazama akina mama wenye watoto migongoni, tukajaribu kuwaona hivyo, ikatushinda. Baraza la tatu akasema ni kwa usalama wenu wenyewe. Sababu zilibadilika, seng'enge haikubadilika.

Jumbe wetu alisimama siku hiyo, akavua kofia. "Bwana," alisema, "tupe sisi hawa watu. Mapori yapo, nguruwe na nyani wanatushinda, na wengi wao ni ndugu za bibi zetu. Waache wakae kwetu, wakiwa na makosa tutakuletea."

"Serikali itafikiri," akajibiwa.

Serikali ikafikiri, ikaongeza mstari mwingine wa seng'enge.

Sasa nitakwambia lililoniuma mimi, nalo halikuwa la kisiasa. Lilikuwa tumboni. Ninyi mle ndani mlikuwa mkipewa unga wa muhogo na kunde, kila siku, kwa kengele. Sisi watu huru tulikuwa porini tunachimba ming'oko, vile viazi vya mwituni, na ming'oko, kama unavyojua, haitoki ardhini kwa kuombwa. Tulikuwa tunarudi na vikapu vyetu jioni, vumbi hadi kwenye kope, tunapita ubavuni mwa kambi na kunusa kunde zenu. Mama alisimama pale siku moja akashika kiuno. "Hivi," akasema, "mtu akitaka kufungwa humo anaanzia wapi?"

Nawe ulikuwa umekaa chini upande wa pili, sahani yako mapajani. Hukula. Ulikuwa unatutazama miguu. Ile ndiyo mara ya kwanza nilikuona. Nilikuonea wivu sahani, nawe ulinionea wivu njia, na kati yetu palikuwa na waya ambao hakuna kati yetu aliyeuomba.

Ndipo tukaanza biashara yetu. Mimi napitisha mng'oko chini ya waya, wewe unapitisha kifundo cha unga. Siku ya kwanza nilikuuliza jina.

"Atija."

"Hadija," nikakusahihisha. "Mimi pia Hadija."

"Atija," ukanisahihisha wewe.

Hivyo ndivyo mlivyo watu wa ng'ambo, jina la mtu wa heshima mnalikata kichwa. Nikakwambia. Ukasema la kwenu ndilo zima, sisi ndio tunaolipulizia pumzi mwanzoni kama tunapoza uji. Nilikasirika, kisha nikacheka njia nzima, na kucheka huko ndiko kulikonifanya nirudi kesho yake.

Bakari, mume wangu, alikuwa amepata kazi ya upishi humo kambini. Mtu ambaye nyumbani kwangu hakuwahi kujua chumvi inakaa wapi. Mwanzoni nilishukuru, maana alirudi na ukoko wa sufuria akautoa mfukoni kama zawadi ya Idi. Kisha ukoko ukapungua. Kisha ukakoma. Mimi sikusomeshwa na mtu, dada, hata herufi nilijifunza kwa maandishi ya magunia na kile kibao cha langoni kilichokataza watu kuingia na kutoka. Lakini kusoma mtu nilikujua kabla ya herufi. Nikaenda kusimama penye waya saa ya chakula, nikatazama upawa.

Kwa wengine upawa ulipita juu juu, ukatoka na maji. Ulipofika zamu yako ukazama hadi chini, ukakaa huko, ukapanda umejaa kunde. Bakari hakukutazama hata usoni. Mwanamume akimtazama mwanamke usoni hana neno, ni macho tu. Akizamisha upawa, hapo kuna jambo.

Wala hukuwa na haya. Nilipokuja na mng'oko wangu ulisema, "Mumeo mpishi mzuri."

"Kwangu hajawahi kupika."

"Basi labda uliolewa na mwingine," ukasema, ukachukua mng'oko.

Ningekuchukia vizuri sana, nilikuwa nimekwisha anza, isipokuwa ulinyoosha kiganja. Nilikiona siku hiyo kwa karibu. Ngozi ya katikati ilikuwa imekufa, ngumu na yenye alama za duara. Nikauliza. Ukasema ni kibao chenye matundu, kila pamba ya Wareno ilipopungua msimamizi alikuitisheni mikono akaichapa. Ulisema kama mtu anayeeleza hali ya mvua ya kwao. Nilirudi nyumbani na chuki yangu imekatika mguu mmoja, na chuki ya mguu mmoja inachosha kuibeba.

Wiki ile ile Bakari aliketi uani akaniambia, "Atija, lete maji."

Nilileta. Sikumpa anywe.

Kisha likaja baraza la mwisho, lile la malori. Unalijua kwa upande wako, mimi nitakwambia lilivyosikika kwa upande wetu. Mkubwa wa wilaya alisema kambi ina gharama, na serikali imeamua. Mwenye mume au ndugu wa damu upande huu wa mto, mtu wake huyo aje mwenyewe langoni amdai, naye ataachiwa. Asiye na mtu atarudishwa mtoni na kukabidhiwa kwa Wareno. Jumbe akauliza tena kama hatuwezi kuwachukua hivi hivi, kwa ujirani. Akaambiwa ujirani si udugu. Mzee yule alivaa kofia yake akakaa. Nadhani alikuwa akitafuta kwa siri ni mtu gani hapa kwetu ambaye si ndugu wa mtu.

Bakari akaitoa kanzu sandukuni, na haikuwa Idi.

"Nataka kumsaidia yule mama," aliniambia, akiitazama kanzu na si mimi. "Ni huruma tu."

"Utamsaidiaje?"

"Nikisema ni mke wangu watamwachia."

"Na ukishasema, atakuwa nani?"

"Si atakuwa mke."

"Kumbe huruma yako inafunga ndoa."

Alikwenda kutafuta pasi kwa jirani.

Siku hiyo nilichimba ming'oko vibaya, nilikata mingi kwa jembe. Nikisema sitaki, wewe unapanda lori, na vile viganja vinarudi kwenye kibao. Nikinyamaza, unapanda kitanda, na mimi napanga foleni nyumbani kwangu. Nilitaka utoke kambini na usiingie chumbani kwangu. Serikali ilikuwa na milango miwili, wa mume na wa damu, na nilikuwa na akili ya kutosha kujua kwamba ukipita mmoja, dini yetu inaufunga mwingine. Mwanamume hawaoi dada wawili pamoja. Hilo hata Bakari alilijua, na yeye ni mtu ambaye alikuwa hajui mengi.

Nikatangulia langoni.

Mkubwa wa wilaya alikaa mezani chini ya turubai, liwali kando yake na kilemba chake, karani amesimama. Bakari alikuwa nyuma kwenye mstari, kanzu yake nyeupe kama yai. Ninyi mlikuwa mmekusanywa ndani ya waya, na malori yamegeuzwa uso kuelekea kusini.

"Mama, unamdai nani?" liwali aliuliza.

"Dada yangu."

"Jina lake?"

"Hadija."

"Nakuuliza lake, si lako."

"Ndilo hilo hilo, liwali."

Karani alicheka. Mkubwa wa wilaya, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni na kilivaa viatu, aliinua kichwa. "Dada wawili, jina moja? Hii siyo kawaida."

"Wa kwanza alipotea ng'ambo akiwa mchanga," nilisema. "Wazee wakajua amekufa. Nilipozaliwa mimi wakanipa jina lake lisilale bure."

Aligeuka kwa liwali. Liwali akasema ndiyo, ni desturi, jina la mtoto aliyekwenda hupewa anayekuja. Na hapo sikusema uongo mtupu, dada. Mama alikuwa na Hadija wa kwanza kabla yangu, alikufa kwa homa kabla ya kuota meno. Maisha yangu yote nilivaa jina la mtoto mwingine, na kila nilipokosea niliona machoni mwa mama kwamba yule asingekosea. Hakuna mwenzi wa kushindana naye mgumu kama asiyewahi kumwaga uji. Siku ile niliichukua nafasi yake, nikakupa wewe.

Liwali akaegemea mbele. "Baba mmoja, mama mmoja?"

"Baba mmoja, mama mmoja, titi moja."

Alinitazama. Akamtazama Bakari na kanzu yake. Akanitazama tena, akakohoa ndani ya kitambaa kwa muda mrefu kuliko kikohozi kinavyohitaji. "Na wewe Bakari," alisema alipopata sauti, "umekuja kumdai nani?"

Mstari wote uligeuka kumtazama.

"Nimemsindikiza mke wangu," alisema Bakari.

Basi likabaki lako. Walikuleta wewe mbele ya meza, na mkubwa wa wilaya akakuuliza, akininyooshea kidole, huyu ni nani wako. Hatukuwa tumepanga. Hakukuwa na nafasi ya kukunong'oneza, askari walikuwa wametuondoa penye waya tangu juzi yake. Ulikuwa umemwona Bakari na kanzu, na naamini alikuwa amekwisha kukupa habari za mpango wake, jikoni, na upawa mkononi. Ungeweza kuninyooshea kidole ukasema simjui mwanamke huyu, mume wangu ni yule pale. Ungetoka vilevile. Mimi ningeshtakiwa kwa kosa la uongo, na jioni hiyo ungekuwa unakula kunde zangu katika sufuria yangu. Nilijua, nawe uliona kwamba nimejua.

Ulinitazama mimi, ukaitazama kanzu.

"Huyu mdogo wangu," ulisema. Kisha ukakunja mikono. "Mbona huniamkii, mtoto?"

Nilikuamkia. Mbele ya serikali, mbele ya liwali, mbele ya mume wangu na mstari mzima wa watu wa Kilangala na Milola walionijua tangu natambaa. Ukachukua muda wako. "Marahaba," ukasema.

Wengine waliondoka na malori. Yule mzee wa mikeka hakuwa na mtu. Yule mama kijana wa kuimbaimba hakuwa na mtu. Tulisimama mimi na wewe barabarani, vumbi lao likatupita, na hukunishika mkono wala mimi sikukushika. Wivu wangu ulikuwa na dada mmoja tu wa kutoa. Nimefikiri mara nyingi juu ya wale waliokaa mezani wakachagua damu ndiyo ipimwe, kana kwamba damu inaonekana kwa macho. Waliacha kijiji kizima kilichokuwa kinasema tupeni, wakangoja mtu mmoja mmoja aje kusema uongo mzuri. Na uongo mzuri si kila mtu anao.

Nilidhani nimemaliza. Nimekutoa kambini, nimekufungia chumba, nimeshinda pande zote. Nikasahau kwamba nimekuingiza kwa mama.

Alikuwa mlangoni tulipofika, habari ilitutangulia. Alikutazama kichwa hadi vidole. Nikaanza kumweleza, akanikatiza. "Kaburi la mwanangu najua liko wapi," alisema. "Hilo linamhusu Mungu. Huyu aoge kwanza." Akaenda kuchukua ile doti yake ya kanga nyekundu ambayo mimi niliiomba tangu navunja ungo, akakufunga kwa mikono yake. Toka siku hiyo, kinywani mwake, ukawa "mwanangu mkubwa". Mwanangu mkubwa hapendi pilipili. Mwanangu mkubwa anapika mchicha kama mtu anayejua. Mimi, aliyenizaa kwa uchungu wa siku mbili, nilitumwa maji.

Nilikuonea wivu, dada. Sitaficha chini ya kawa. Nilikuonea wivu mama akisuka nywele zako akikuhadithia mambo ya ujana wake ambayo kwangu alisema amesahau. Nilikuonea wivu kwa vile ulivyojua kukaa kimya naye. Mtu anaweza kumnyima mgeni mume wake. Mama nitamnyimaje, na nimesema mwenyewe mbele ya liwali, titi moja?

Na Bakari, maskini, akawa shemeji. Alijaribu. Alikwenda kwa liwali kuuliza, akaambiwa njia ipo: amwache Hadija, angoje eda iishe, amwoe dada yake. Alirudi nyumbani akawa ananitazama kama mtu anavyomtazama mbuzi Idi ikikaribia. Siku ya pili akaja uani ulipokuwa unatwanga, akaanza maneno yake ya pembeni. Sikusikia yote, nilikuwa nyuma ya makuti. Lako nililisikia.

"Shemeji," ulisema, bila kuacha kutwanga, "usisimame hapo. Mchi huu mzito, unaweza kuteleza."

Hakurudia. Siku hizi ni mzee mwenye adabu, na jana ameniuliza kama shemeji ameandika. Nikamwambia shemeji hajui kuandika. Akasema ah, nilisahau. Hajasahau.

Kisha akapita yule mfanyabiashara wa chumvi na habari kwamba Amisa, dada yako wa kweli, wa huko, yu hai. Ulikuwa unakula. Ulinawa mkono kabla ya kushiba, na tangu hapo hukuwa tena wa hapa, ijapokuwa ulikaa hadi tukavuna mtama. Serikali ilikuwa imeng'oa seng'enge, hakuna aliyekushika. Mama alikufungia mihogo mikavu. Mimi nilikusindikiza hadi njia ya Milola, nikakuamkia, ukaitikia, ukaenda. Hukugeuka. Nilingoja ugeuke.

Mama amefariki, dada. Nimekuletea habari hiyo katikati ya maneno mengine kwa sababu peke yake singeweza kuiandika. Alikwenda kwa utulivu, mimi nilimwosha. Mahali pa mwanawe mkubwa, penye kichwa, wanawake waliniambia nisogee nipakamate. Nilikataa. Nilishika miguu. Palikaa wazi.

Juzi mfanyabiashara yuleyule amepita tena. Amesema amekuona. Amesema mnakaa nyumba moja wewe na Amisa, mnalima pamoja, mnacheka hadi watu wa njiani wanasimama, na kwamba mnafanana kama macho mawili. Nilimuuzia vikombe vya mtama nikapunja, na yeye ndiye wa kwanza kuniletea habari zako. Nikaona aibu, nikamwongeza.

Bakari nilimwonea wivu kwa sababu ni wangu. Mama kwa sababu alikuwa wangu kabla. Kwa huyu Amisa sina hoja yoyote, ana haki zote, na ndiye aniumizaye kuliko hao wawili. Msalimie. Mwambie yeye alikupata kwa kuzaliwa, hakuulizwa na mtu. Mimi niliulizwa, nikiwa nimesimama, na malori yananguruma, nikajibu.

Mungu akulinde huko uliko, na mkono wako usiitwe tena na msimamizi yeyote. Mahali pako hapa hajakaa mtu.

Mdogo wako,
Hadija,
Kilangala